Baba hataki tai. Je, kwa kanzu na joho ataruhusiwa kula chakula cha usiku melini?

BintiWaKuze (Leicester)

Assalam alaykum wote. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa safari za meli za starehe, maana nimekwama na siku zinakwenda.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, huku Uingereza nafanya kazi ya uuguzi. Baba yangu ana miaka 72. Alifanya kazi gatini Kilindini miaka 32, na tangu sisi wadogo kila ikiingia meli kubwa nyeupe ya watalii alikuwa akirudi nyumbani na hadithi zake: ilivyowashwa taa, wageni walivyokuwa wakishuka ngazi, ngoma iliyowapokea. Kamba za meli hizo alizifunga na kuzifungua kwa mikono yake, lakini hakupata kupanda hata moja akiwa mgeni. Nilipoanza kushika mshahara niliweka nadhiri. Mwaka huu, baada ya kudunduliza miaka minne, nimewalipia yeye na mama safari ya siku saba kwa meli ya Queen Anne ya kampuni ya Cunard, kutoka Southampton kwenda Norwei, mwezi wa Juni. Viza zote mbili zimetoka, alhamdulillahi, ya Uingereza na ya Schengen. Mimi nitakuwa nao.

Tabu ni mavazi ya jioni. Nimesoma kwamba kuanzia saa kumi na mbili jioni abiria hubadilisha nguo, na kwamba ndani ya siku zile kuna jioni mbili za gala, wanaume wavae suti nyeusi na tai ya kipepeo, au suti ya rangi iliyokoza na tai. Nikampigia baba nikamwambia asihangaike, nitamkodia suti huku huku. Akanyamaza. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nimeoa na kanzu, nimeoza mabinti watatu na kanzu, nimemzika mamangu na kanzu. Leo uzeeni nikafungwe kitambaa shingoni ndio nipewe chakula?" Hakukasirika. Lakini tangu siku ile akinipigia simu haulizi tena habari za meli, na kabla ya hapo ilikuwa haipiti siku bila kuuliza.

Anayo kanzu nyeupe nzuri sana, ya kola iliyodariziwa. Ana joho jeusi lenye utepe wa dhahabu, aliletewa na ami yangu kutoka Muscat, alilivaa kwenye harusi yangu. Ana kofia ya viua ya Lamu iliyoshonwa kwa mkono. Kwetu mtu akivaa hivyo hakuna mlango atakaozuiwa. Lakini je, kule? Na kofia, ataambiwa aivue mezani? Sitaki asimame mlangoni watu wanampita, akiulizwa kwa Kiingereza cha haraka mbona amevaa hivyo.

Mama yeye ana magauni marefu. Anauliza tu kama mtandio utakuwa na shida.

---

Kinondoni_1 (Dar es Salaam)

Dada, pole. Mimi nasema badilisha kampuni. Mtu atoe pesa zake za jasho halafu apangiwe nguo ya kulia chakula? Kampuni ya Norwegian wameachana na hayo tangu 2000, kwao unakula saa utakayo na usiku wa kuvaa rasmi ni hiari ya mtu. Viking nao meli zao za baharini hazina usiku wa gala hata mmoja. Mzee atakaa kwa raha na kanzu yake ya kawaida. Haya mambo ya tai ni ya waliotutawala, sioni sababu ya kuwafuata mpaka baharini.

---

WeitaMstaafu (Tanga)

Wa alaykum salaam, dada BintiWaKuze. Maneno ya mzee nimeyasoma mara mbili, yamenigusa. Mwache avae kanzu yake, na usibadilishe meli. Ngoja nikueleze.

Nilifanya kazi melini miaka 11, tangu 2008 mpaka 2019, kwa kampuni mbili. Nilianza kwa kufuta meza sehemu ya kujihudumia, nikaishia mhudumu mkuu wa meza sita kwenye ukumbi mkubwa wa chakula. Mavazi ya jioni nimeyaona ya kila taifa. Nimemhudumia Mskoti na kilti yake, Mhindi na sherwani, bibi wa Kijapani na kimono, maafisa wastaafu na sare na nishani vifuani. Hakuna aliyewaambia wakatafute tai. Na Cunard, ambao katika kampuni zote kubwa ndio wanaoshika zaidi mila hii ya kuvaa, masharti yao ya gala yanataja vazi rasmi la taifa, sare ya jeshi na kilti pamoja na hiyo suti nyeusi. Watu wengi wakifika penye neno la tai huacha kusoma. Rudi kwenye tovuti yao usome mpaka mwisho wa aya.

Kwa hiyo kwa maandishi mzee ana haki yake. Kinachobaki ni mlango, na hapo ndipo nataka unisikilize vizuri, maana niliona jambo ambalo mpaka leo linaniuma.

Meli sitaitaja. Ilikuwa usiku wa pili wa safari, usiku wa kwanza wa kuvaa rasmi. Walikuja mzee na mkewe, watu wa Muscat. Mzee amevaa kanzu nyeupe ya Kiomani na kofia, basi, hana joho juu. Mlangoni alikuwapo binti mgeni kazini, wiki yake ya pili. Katika maisha yake hakuwahi kuona kanzu. Akaiona nguo nyeupe ndefu mpaka miguuni, akadhani ni nguo ya kulalia. Akamwambia mzee kwa upole kabisa kwamba usiku ule ni rasmi, akabadilishe halafu arudi. Mzee hakubishana. Nilikuwa napita na trei, nikamsikia akimwambia mkewe: "Basi, twende zetu." Kiswahili cha Unguja, cha mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe. Trei nikaiweka kwenye meza iliyokuwa karibu, nikamfuata nikamwita, "Sheikh, ngoja kidogo." Akageuka, akanitazama kama aliyemwona mtu wa kwao. Nikamwita meneja wa ukumbi, akaja mbio, akaomba radhi, wakaingizwa na kukalishwa meza nzuri ya dirishani.

Lakini mzee hakumaliza chakula chake. Na safari ile ilikuwa ya siku kumi na mbili, hakurudi tena ukumbini jioni hata moja. Binti yule alilia alipoelezwa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, na mzee hakuwa amevaa kitu ambacho mgeni angekitambua kuwa ni vazi la heshima.

Ndiyo maana nasema joho, joho, joho. Kanzu peke yake kwetu ni nguo ya heshima, lakini kwa asiyeijua haisemi kitu. Ukiitia joho lenye utepe wa dhahabu, hata mtu wa Bergen kule Norwei ambaye hajawahi kuvuka bahari ataona kwamba mbele yake amesimama mtu aliyevalia shughuli. Koti zuri jeusi juu ya kanzu nalo linafaa, wazee wetu wa pwani wanavaa hivyo na Waganda huoa wakiwa wamevaa hivyo. Kwa jioni mbili za gala mzee avae joho. Jioni nyingine zile tano, ambazo mwanamume anatakiwa shati la kola na suruali nadhifu tu, koti si lazima, kanzu na koti jepesi vinatosha na kuzidi.

Kofia asivue. Zinazokatazwa kwenye kumbi za chakula ni zile kofia za michezo zenye ukingo mbele. Kofia ya viua ni sehemu ya vazi.

Sasa, ili jambo la mlangoni lisimkute. Kwanza waandikie kampuni barua pepe leo, uwaambie baba atavaa vazi rasmi la pwani ya Afrika Mashariki, uambatishe picha yake ya harusini. Jibu lao lihifadhi kwenye simu. Pili, siku ya kupanda meli, mchana, wakati kila mtu anazunguka kutazama mabwawa ya kuogelea, wewe nenda ukumbini kwenu umtafute meneja wa ukumbi. Wakati huo huwa yuko pale, anapanga meza na kusikiliza watu wenye maombi. Mwoneshe picha ileile. Mwambie na habari ya chakula cha halali kama hukuwaandikia mapema, ingawa hilo ni afadhali liende kwenye barua pepe hiyo hiyo, wiki kadhaa kabla. Meneja akishaiona picha, jioni atakuwa mlangoni mwenyewe kumpokea baba yako. Nawajua watu wa kazi ile, wanapenda kumwita mgeni kwa jina.

Jioni ya kwanza na ya mwisho kwa desturi haziwi za gala. Sababu yake ni mizigo. Siku ya kupanda, masanduku huletwa vyumbani na wafanyakazi, mengine hufika usiku. Siku ya mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, yakashushwe mapema. Kwa hiyo joho na kanzu moja visiingie kwenye sanduku kubwa. Mchukue mkononi. Na usiku wa mwisho mwangalie mzee asiweke nguo zote nje. Nimeona watu asubuhi wamebaki na pajama, sanduku liko chini gatini.

Pasi ya nyumbani msibebe, itachukuliwa kwenye ukaguzi kwa hofu ya moto. Meli za Cunard zina chumba cha kufulia cha abiria, mashine na pasi vipo, bure. Na hili naliandika kwa sababu najua nyumba zetu: chetezo na udi visiende. Chochote cha kuwasha ndani ya chumba ni marufuku, mishumaa na ubani vikiwemo. Mama afukize nguo Mombasa, azikunje zikiwa bado na moshi wake, azitie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga. Harufu itafika Norwei.

Kaka Kinondoni, nakuelewa, na hizo kampuni ulizotaja ni kweli ziko hivyo. Tena hata zile zenye usiku rasmi zimelegeza sana kuliko nilipoanza kazi. Carnival wanaziita jioni za umaridadi, mbili kwa safari ya siku sita au zaidi, na shati na suruali nzuri zinatosha. Lakini mzee huyu anaipenda meli. Ametazama watu wamevaa vizuri wakipanda na kushuka kwa miaka 32. Nadhani anataka kuwa mmoja wao, na awe yeye. Kumpeleka kwenye meli ya kaptula ni kumnyima alichokuwa akikitazama kutoka gatini.

---

Shangazi_T (Toronto)

Mwanangu, mimi nijibu la mama. Nimesafiri kwa meli mara nne na mume wangu, mara zote nimejitanda. Mtandio haujawahi kuulizwa na mtu. Gauni refu lenye mikono kwa jioni za gala ndilo hasa wanalolitaka, kwa hiyo mama yako atakuwa ameshatimiza sharti kabla hajatoka chumbani. Kama ana kitenge kilichoshonwa vizuri au gauni la hariri, alete hilo. Dera abaki nalo chumbani.

Yapo mawili nimejifunza kwa kuumia. Kumbi za chakula zina baridi, viyoyozi vinavuma kichwani, na ukitoka nje ya deki kule kaskazini hata Juni upepo unakata. Achukue shali nzito ya rangi inayokwenda na gauni, asije akaharibu mavazi yake kwa sweta. La pili ni viatu. Meli inayumba hata usipohisi. Kisigino kirefu chembamba kwenye ngazi zile za zulia kimewahi kuniangusha, nikavimba kifundo siku tatu. Kisigino kifupi kinene, au bapa chenye mapambo.

Halafu kitu kidogo ambacho mtu hakuambii: kila usiku mnaletewa chumbani ratiba ya kesho, na nguo ya jioni imeandikwa humo. Soma hiyo, usitegemee uliyoyasoma nyumbani, maana siku za gala hupangwa kufuata siku ambazo meli iko baharini. Na siku za gala jiandae na wapiga picha kwenye ngazi kuu. Si lazima ununue picha zao, ni ghali, lakini simameni mpigwe.

---

BintiWaKuze

Shangazi, WeitaMstaafu, kaka Kinondoni pia, Mungu awalipe. WeitaMstaafu, habari ya yule mzee wa Muscat imeniliza. Nimeisoma nikiwa zamu ya usiku na ikabidi nitoke nje kidogo.

Nimerudi kwenye masharti na kweli, vazi la taifa limeandikwa. Nilikuwa nimelipita. Barua pepe nimeshaituma pamoja na picha, na suala la halali nimeliweka humo humo.

Jana nilimpigia baba. Sikumwambia habari ya tai. Nilimsomea majibu yenu yote tangu mwanzo, lile la joho nikalisoma mara mbili. Akanyamaza tena, nikaogopa. Kisha akauliza: "Na viatu?" Amenunua makubadhi mapya Lamu mwezi uliopita, kumbe alikuwa amejiandaa tangu zamani, hakusema. Anauliza pia kuhusu bakora yake. Na mimi nina langu: kama tukichelewa, au mama akachoka asitake kuvaa, tutakula wapi jioni za gala? Naona wametaja baa, na huko baba hataingia.

---

WeitaMstaafu (Tanga)

Mpe salamu zangu mzee. Makubadhi ni mazuri, lakini kwa gala mwombe avae viatu vyeusi vya kufunika vidole, vya ngozi, vimepigwa rangi. Ndala na sandali za kiume ndizo mlangoni huziangalia kwanza, na hawajui tofauti ya kubadhi la Lamu na ndala ya ufukweni. Makubadhi ayavae mchana ndani ya meli. Bakora aje nayo, bakora ya kutembelea haina neno. Ila kama ni ile ya zamani yenye upanga ndani, iache nyumbani Kuze. Vivyo hivyo jambia kama ami alimletea pamoja na joho, halitapita ukaguzi.

La pa kula, mbali na baa upo ukumbi wa kujihudumia. Huko hata usiku wa gala mtu anaingia na nguo za kawaida nadhifu. Chakula ni kizuri, nimesimama nyuma ya meza zile miaka miwili. Na mnaweza kuomba chakula kiletwe chumbani. Hakuna atakayelala na njaa kwa sababu ya nguo.

Mengine mawili. Juni kule juu jua linachelewa mno kuzama, mkiwa Ålesund au karibu yake Magharibi inaingia saa tano za usiku. Kwa hiyo mtakwenda chakula cha jioni jua likiwaka kama alasiri, na mzee atakuta amemaliza kula na sala bado. Avae mapema, asingojee giza. Jingine ni zuri. Cunard hupenda kuipa jioni ya gala jina lake, na moja wanayoirudia sana ni ya Nyeusi na Nyeupe. Nilipolikumbuka hilo jana usiku nilimwamsha mke wangu kumwambia. Kanzu nyeupe, joho jeusi. Ukumbi mzima utakuwa umetafuta rangi hizo madukani, na baba yako amekuwa nazo kabatini miaka yote.

---

BintiWaKuze

Nimemwambia. Amecheka, kicheko chake kile cha zamani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu nilipotaja suti.

Kampuni wamejibu asubuhi hii: vazi lake linakubaliwa jioni zote, na wameandika kwenye kumbukumbu za safari yetu. Nimelihifadhi jibu na nimemtumia ndugu yangu alichapishe, baba anataka karatasi mkononi, simu haiamini.

Bakora ni ya mpingo tupu, haina upanga, nimemuuliza. Viatu vyeusi atanunua Jumamosi na mama ataandamana naye kuchagua. Joho limetolewa sandukuni, lina alama ya mkunjo begani na uzi mmoja wa dhahabu umefumuka. Fundi wa Bondeni amelichukua, amesema Alhamisi litakuwa tayari. Leo baba kanipigia mara tatu. Mara ya mwisho alitaka kujua Queen Anne ina deki ngapi, na kama kutoka dirisha la ukumbi wa chakula mtu anaweza kuwaona watu wa gatini wakifungua kamba.